Nyumba Yenye Meno

Siku mwenyekiti wa kijiji alipotangaza habari ya moshi naikumbuka kama ya juzi. Nilikuwa nimembeba Safari, mtoto wangu wa kwanza. Ndiyo kwanza tumehamishiwa kijiji kipya upande wa Qurus, miaka ile watu walipokusanywa, na kila familia imepewa kiwanja. Mwenyekiti akasema kiwanja ambacho hakitatoa moshi wa jiko kabla ya masika atapewa mwingine.

Mwanangu, mume wangu Boay alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani. Kila siku aliiona nyumba ya meneja, na nyumba ile ikamharibu kichwa. Akachimba msingi wa vyumba vitano na baraza. Vitano, kwa mshahara wa kibarua. Mawe yote tuliyosomba na punda yakaishia ardhini, pesa nayo ikaishia huko huko. Sisi tunalala kwa mama mkwe, chumba kimoja na mbuzi wake.

Mawingu yakaanza kushuka kutoka Ngorongoro. Boay yuko juu ya msingi wake, anawaonyesha wapita njia: hapa sebule, hapa wageni. Mama mkwe akamfuata na jembe mkononi.

"Boay, leo mkeo apike sebuleni au kwa wageni?"

"Mama, nyumba haijaisha."

"Haijaanza. Umejenga pa kukanyagia."

Akachora pembe moja kwa jembe. "Jenga hapa, uezeke, mwingie. Tembe ya baba yako ilianza na nguzo chache. Akizaliwa mtoto, tunaongeza. Ng'ombe akizaa, tunaongeza. Nani alikwambia nyumba inazaliwa na ndevu?"

Boay alinuna, lakini akajenga. Chumba kimoja cha tofali za udongo, bati limeinama upande mmoja tu, ule wa juu ukitazama pale chumba cha pili kitakapokuja. Mwisho wa kuta, tofali ziliachwa moja imetokeza, moja imeingia, ili ukuta mwingine uje kushikana nazo. Mafundi wanaita meno. Tukayapaka udongo na mavi ya ng'ombe mvua isiyale.

Watu walitucheka sana. "Mama Safari, nyumba yako inang'ata?" Mwingine akipita anasema, "Ilisheni, ina njaa." Boay akawa anarudi kazini kwa njia ya nyuma.

Mwenyekiti alipokuja kukagua nilikuwa napika makande. Akauzunguka msingi, akakitazama kile chumba. "Hii ni nyumba au jiko?"

Mama mkwe hata hakunyanyuka. "Mwenyekiti, ulisema moshi. Vyumba hukusema."

Akaenda zake, kiwanja kikabaki chetu. Jirani yetu aliyekuwa anasubiri apate mabati ya nyumba nzima, cha kwake akapewa mtu mwingine. Sisi chumba cha pili tulikijenga tulipouza dume, cha tatu baada ya mavuno mazuri. Cha tano hakijajengwa mpaka leo. Nilipanda maboga humo.

Sasa nyie. Nikipita Karatu mjini naona misingi yenu imeota magugu, na wenyewe mmepanga kwa watu, kodi inawala kila mwezi. Nikiuliza, naambiwa, "Bibi, nasubiri nijenge ya kisasa." Kisasa gani hicho kinacholala kwa mwenye nyumba? Mnanichosha. Na nyie wa ofisini mnaosema mtawajengea maskini, mnawaletea nyumba iliyokwisha, bei yake hawaiwezi, na ukuta wake hauongezeki. Wapeni chumba kimoja imara na meno yake. Vingine watajenga wenyewe.

Mwanangu, jenga unachoweza kukifunika. Ingia ukae. Acha nafasi ya kuongeza, na wanaocheka waache wacheke, hawakulipii kodi.

Mungu akupe bati lisilovuja, na watoto wa kukijaza hicho chumba mpaka ulazimike kujenga cha pili.