Pikapu Iliyomkataa Mama

Juzi gari langu lilizima Kawangware, pale ambapo mikokoteni ya viazi huziba nusu ya barabara na nusu iliyobaki huachiwa Mungu. Nilikuwa nampeleka mama kliniki, magoti yamemchosha. Injini haikukohoa wala kutikisika, ilinyamaza tu. Nikapiga stata, ikazunguka weee bila kuwaka, na nyuma yetu honi zikaanza matusi yao. Nikageuka nimwambie mama asijali, nikakuta ameshafungua mkanda na mkono wake uko mlangoni.

"Wacha nishuke," alisema. "Itawaka."

Akashuka kwa taabu, mguu mmoja kisha mwingine, akavuka mtaro, akaenda kusimama karibu na mwanamke aliyekuwa akikaanga samaki. Alitugeuzia mgongo, mimi na gari. Mtu asiyetujua angedhani ni mzee aliyekasirika. Mimi nilijua anachofanya. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana jambo hili lilianza nikiwa shule ya msingi na sijawahi kumsimulia mtu.

Tuliishi Soweto West, kwenye mtaa wa mabanda, chumba kimoja cha udongo na mabati, ukuta wa nyuma tukigawana na kanisa. Baba alikuwa seremala aliyechoshwa na mbao. Alinunua pikapu kuukuu, ya rangi ambayo zamani ilikuwa buluu, akaanza kubeba mboga kutoka soko la Kawangware hadi kwa akina mama wauza mboga wa Silanga, ambao mama yangu alikuwa mmoja wao. Vichochoro vyetu havikuwa na nafasi ya gari, kwa hiyo aliiegesha upande wa Nyayo Highrise, na mlinzi wa pale akawa anapewa fungu la sukuma wiki ili aitazame. Nikifumba macho naipata harufu ya ndani ya ile pikapu hadi leo: majani yaliyolowa, vumbi la makaa, petroli, na juu ya yote hayo harufu ya nailoni iliyoungua.

Nailoni ilikuwa kazi ya baba. Hakuwaamini mafundi wa magari hata kidogo. Alisema fundi akikutengenezea taa leo, anakuachia ugonjwa mwingine wa kukurudisha kwake kesho. Betri ilipokosa pa kukaa huko mbele, kwa sababu kitako chake kililiwa na kutu, aliihamishia nyuma ya kiti cha abiria. Kutoka hapo akavuta waya mpya hadi kwenye swichi ya ufunguo, akiupitisha kando ya mlango wa abiria. Kila alipounga waya alisokota kwa vidole, akazungushia karatasi ya nailoni, akaiyeyusha kwa mshumaa hadi ikaganda. Kazi ikiisha alijipongeza mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kumpongeza. "Gari ni waya na mafuta," alituambia. "Hakuna kitu kingine ndani."

Mlango wenyewe wa abiria ulikuwa haushiki. Tanboi wake, kijana wa kupakia magunia, aliushikilia kwa kiwiko akiwa ametoa mkono dirishani, na safari nzima ulikuwa ukichezacheza. Mama alikuwa mwoga wa kuanguka. Yeye akipanda aliuvuta mlango ukabana kabisa, akaufunga kwa leso kwenye chuma cha kiti, fundo juu ya fundo. Baba alimcheka, akamuuliza kama anafunga mbuzi wa Krismasi.

Ilikuwa nyumba ya furaha, nikuambie ukweli. Jioni tulikaa mlangoni tukichambua sukuma, majani ya manjano upande huu, mazuri upande ule, mama akikata kwa kisu chembamba bila hata kutazama vidole vyake. Nyuma ya ukuta kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, na mama aliimba sauti ya pili kutoka upande wetu. Omena zikikaangwa na nyanya nyingi, baba alikuwa akipiga mluzi. Siku hizo sikujua kwamba watu huzihesabu siku kama hizo baadaye.

Kisha nyanya, mamake mama, akafariki huko Magharibi. Mama alipanda basi na mtoto wetu mdogo mgongoni, akazika, akarudi upesi kuliko inavyotakiwa. Kwetu, baada ya mazishi kuna siku ya kunyolewa, na mtoto wa marehemu hapaswi kuondoka kabla ya wembe kupita kichwani mwake, la sivyo mkosi wa msiba humfuata. Mama aliondoka na nywele zake. Alisema mimi nimebaki bila mwangalizi na mboga zinaoza, na mamake mwenyewe angeelewa.

Wiki hiyohiyo pikapu ikaanza kuzima.

Ilizima mteremko wa kuingia Silanga, mama akiwa ndani. Ikazima tena Kawangware, mama akiwa ndani. Kila mara ilikuwa vilevile: injini kimya, baba anazungusha ufunguo bure, anasema wote washuke wasukume. Mama anafungua leso, anashuka, baba anajaribu tena, na gari linawaka hata kabla ya mtu kuligusa. Siku ambazo mama hakupanda, pikapu ilikwenda na kurudi kama mpya. Akina mama wa Silanga walikuwa wakisubiri mboga zao kando ya njia na waliyaona haya kwa macho yao. Wengi wao walikuwa watu wa kwetu. Hawakuhitaji kuelezwa.

Wa kwanza kulisema alikuwa jirani yetu, kiongozi wa ile kwaya ya nyuma ya ukuta. Alikuja akakaa kwenye kitanda chetu na kikombe cha chai. "Mimi ni mtu wa kanisa," alimwambia baba, "lakini hata Biblia haijakataza mtu kunyolewa. Huyu ametoka matanga vibaya. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Mama alikuwa palepale akimnyonyesha mtoto.

Baba alikataa, na kwa hilo nampa heshima yake. Alisema gari halijui matanga. Aliipeleka pikapu kwa fundi wa waya Kawangware, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kumeza mwiba, nami nilikuwa kiti cha katikati. Fundi alifungua boneti, akainama, akainuka polepole.

"Mzee, ni nani alicheza na hizi waya?"

"Zilikuja hivyo," baba akajibu.

Mficha uchi hazai. Fundi alizunguka nayo mitaa yote, tanboi ameshikilia mlango kwa kiwiko, na pikapu ikaenda kama maji. "Iko poa," akasema. "Ikizima uniite niione ikiwa imezima. Ugonjwa haujatokea, nitaupima aje?" Bora baba angeambiwa gari limekufa.

Ndipo akaamua kupima mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye lami karibu na Nyayo Highrise, watu wakipita na mitungi ya maji. Alimwambia mama apande. Mama akapanda, akafunga leso yake. Pikapu ikasogea kidogo, ikazima. "Shuka." Mama akashuka, ikawaka. "Panda." Ikazima. "Shuka." Ikawaka. Baba alikuwa akibadilisha kitu kimoja tu kila mara, kama fundi yeyote makini. Ila kitu alichokuwa akibadilisha kilikuwa mama. Watu waliweka mitungi chini wakatazama, mmoja akajishika mdomo. Mara ya mwisho mama hakungoja kuambiwa. Gari liliponyamaza alifungua lile fundo akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Wacha nishuke. Itawaka."

Nilitamani ardhi ipasuke immeze kila mtu aliyekuwa pale, na baba yangu awe wa kwanza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Akina mama wa Silanga walisema hawatatia mboga zao kwenye gari moja na mama. Wengine waliisogeza meza yake, eti anaziba njia. Baba alikonda. Usiku mmoja aliketi kando ya kitanda na kumwambia mama aende nyumbani anyolewe, akae mpaka wazee waseme yuko safi, kisha atarudi. "Na wazee wasiposema?" mama aliuliza. Asubuhi mama alimfunga mtoto mgongoni akaondoka, na ile leso ya mlango akaiacha ikining'inia kwenye kiti cha pikapu.

Niseme nini kuhusu miezi ile? Nilipika ugali ulioungua chini na mbichi juu. Nilichota maji, nikachambua sukuma peke yangu, na kwaya ilipoimba nyuma ya ukuta hapakuwa na sauti ya pili upande wetu. Habari zikaja na abiria wa basi kwamba mama amenyolewa lakini wajomba wamekasirika. Walisema mke aliyerudishwa kwa sababu ya gari asirudi mpaka mwenye gari aje kusema maneno. Baba hakwenda. Angesema nini? Pikapu haikuzima hata mara moja tangu mama aondoke. Kila ilipopita Silanga watu walitikisa kichwa, nami kila usiku niliomba, kwa moto wote wa mtoto, kwamba gari lile lizime.

Likazima mvua zilipoanza. Siku hiyo ilinyesha ya mawe, mabati ya Silanga yakiunguruma, na mimi nilikuwa katikati ya baba na tanboi. Tanboi alikuwa akitetemeka. Akauvuta mlango ukabana, akaichukua leso ya mama na kuufunga kwenye chuma cha kiti. Hatukufika mbali. Injini ikanyamaza, kimya kilekile, na baba akageuka akaitazama ile leso.

"Fungua mlango," alisema.

Tanboi akafungua, na pikapu ikawaka. Akafunga, ikazima. Baba alishuka akapiga magoti kwenye matope, akafuata waya wake kwa vidole hadi kwenye bawaba, mahali ambapo mlango ukifungwa sawasawa uliukunja. Nje waya ulikuwa mzima, ngozi yake haina hata mkwaruzo. Ndani ulikuwa umekatika kwa kukunjwa siku baada ya siku. Mlango ukicheza, ncha zake ziligusana. Mlango ukibana, zilitengana. Na katika watu wote waliowahi kupanda gari lile, ni mama peke yake aliyekuwa akiufunga. Baba alikaa palepale kwenye mvua. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akilia bila kujifunika uso.

Aliukata ule waya akaweka mpya, ule wa zamani akautia mfukoni, na kesho yake akapanda basi. Aliwaonyesha wajomba. Alimwonyesha mama. Mama alirudi, kichwa chake kina nywele fupi kama za mvulana wa shule. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alipanda pikapu mbele ya watu wa Silanga na haikuzima. Unajua walisema nini? Walishangilia. Walisema mnaona sasa, kunyolewa kumefanya kazi. Baba alitoa waya wake mfukoni, akaukunja, akaeleza, akapita meza kwa meza. Walimsikiliza kwa huruma, kama mume mwema anayemtetea mkewe. Mama walimrudishia meza yake. Lakini kutoka siku ile mama hakupanda tena mbele. Alikaa nyuma, juu ya magunia, na kwenye magari yote ya maisha yake amekaa nyuma.

Baba ametutoka. Pikapu iliuzwa vyuma kwa kilo. Chumba chetu kilibomolewa, na mahali pa lile kanisa pana njia ambayo watu wanaipita bila kujua wanakanyaga sauti za nani. Silanga bado wanauza makaa na mboga, ila waliomwona mama akishuka na kupanda wamerudi makwao au wamezikwa. Ningedhani jambo lile limeondoka nao.

Juzi alikubali kukaa mbele, kwa sababu magoti hayakunjiki tena vya kutosha kuingia nyuma. Nilimsogezea kiti mpaka mwisho ili anyooshe miguu. Na chini ya kiti hicho, mtoto wa nyoka ni nyoka, kuna waya za swichi ya siri ya kuzuia wezi, nilizoziunga mwenyewe kwa mikono yangu. Kiti kilizivuta zikalegea, na uzito wa mama ukazitenganisha. Nilielewa yote hayo nikiwa bado nimeshika ufunguo, nikimtazama mgongo wake kando ya yule mwanamke wa samaki. Nikauzungusha bila kufikiri. Mzigo ulikuwa umetoka kitini, ncha zikagusana, na gari likawaka mara moja.

Nilizima haraka, lakini alikuwa amesikia. Nilikimbia hadi kwake, nikamshika mkono, nikamwambia ni waya, mama, ni waya nilizofunga mimi, njoo nikuonyeshe. Hakukasirika. Alinipangusa jasho usoni kwa ncha ya leso yake.

"Ndiyo," alisema. "Hata baba yako alikuja na waya."

Kisha akaniuliza kama kliniki iko mbali, na bila kungoja jibu akaanza kutembea.