Masufuria ya Msiba na Seli Zinazolala

Mtu wa kwanza kuniita daktari wa panya ni mama yangu mzazi. Aliniita hivyo mbele ya wageni, sebuleni kwetu hapa Nyamwamba, Kasese, akiwa amekalia sufuria ya msiba iliyopinduliwa kifudifudi. Viti tunavyo, si kwamba hatuna. Lakini masufuria ya chama chake cha kuzikana yalikuwa yamejaa sebule nzima, yale makubwa ya kupikia umati, na mimi na kompyuta yangu tulikuwa tumebanwa kwenye kona pamoja na mwiko mrefu kama mpini wa jembe.

Nilirudi Kasese kwa ajili yake. Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari wa kweli, yule wa watu, alimpima, kisha akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Akasema moyo umetanuka; apumzike, asibebe kitu kizito, asisimame kwenye moto, asimwitikie kila anayebisha hodi. Akiendelea hivi, akasema, hamtakuwa naye muda mrefu. Mama akamjibu, "Ndiyo afande." Jioni ile ile akaenda kupika kwenye msiba.

Hiyo "ndiyo afande" aliitoa kambini. Baba alikuwa mwanajeshi kutoka kaskazini, mama ni mtu wa Ibanda, chini ya mlima. Walitongozana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakatulea kwa Kiswahili katika kambi moja baada ya nyingine. Baba alipofariki, mama alirudi kwao lakini kambi haikumtoka. Akabaki na chama cha kuzikana: wake wa askari na polisi, wake wa wakulima, wanawake wa sokoni. Mtu akifiwa, chama kinampikia. Na mama ndiye mama wa masufuria. Yanakaa kwake, na yanapokwenda lazima naye aende, awashe moto wa kwanza, aonje chumvi. Hakuna kifo Kasese ambacho hakikupita mlangoni kwetu kwanza. Nilikuwa nimeuchukia ule mlango.

Kazi yangu, nikiieleza haraka maana nimechoka kuieleza, ni hii. Kila seli ya mwili ina maagizo yale yale, yaani jeni, lakini haiyasomi yote. Seli ya ngozi inasoma yake, seli ya kinga inayopigana na maradhi inasoma yake. Sisi tunapima ni jeni zipi zinasomwa, na kwa nguvu gani. Panya wenyewe sijawahi kuwagusa. Wako maabara ya mbali, wananifikia kwa intaneti wakiwa tarakimu tupu, na umeme ukikatika wananifia mkononi, naanza upya.

Sasa, ndani ya uboho wa mifupa, wa panya na wetu pia, kuna seli shina. Hizo ndizo mama wa seli zote za damu. Nyingi zinalala. Maradhi yakiingia, seli za kinga zinapiga yowe, zile zilizolala zinaamka, zinazaa askari wapya, kisha zinarudi kulala. Tulichotaka kujua ni kimoja tu: zikiamshwa tena na tena bila nafasi ya kupumua, zinarudi kulala au hazirudi? Kwa hiyo panya wengine walidungwa mara moja kitu cha kuiga maradhi, wengine wakadungwa tena na tena, wengine wakaachwa na amani yao.

Mama alikuja akasimama nyuma yangu, akatazama picha kwenye kompyuta, vijimraba vyekundu na vya bluu vimepangwa safu kwa safu.

"Hii kitenge mzuri," akasema. "Imetoka wapi?"

"Ni panya, mama."

"Aka! Panya iko na rangi hivi?"

Nilicheka, na ilikuwa siku nyingi sijacheka. Nikamwambia nyekundu ni jeni inayosomwa, bluu ni iliyonyamaza. Akaguna, akaenda kuosha sufuria.

Kisha akafa mzee mmoja Karusandara, mkulima wa mpunga. Nilimkataza mama, nikasimama mlangoni mwenyewe na mikono kiunoni. Alinipita kama anapita hewani. Sikio la kufa halisikii dawa. Alirudi kesho yake mchana, amekaa nyuma ya pikapu katikati ya masufuria, miguu imevimba mpaka ndara hazimwingii. Dereva na mimi tulimshusha. Alihema kuanzia barabarani hadi kitandani, na mimi nilihema kwa hasira.

Alipopata pumzi nilimletea kompyuta palepale kitandani. Nilikuwa nimekasirika, nilitaka kumshinda kwa ushahidi.

"Tazama. Hizi ziliitwa mara moja. Zimerudi kulala vizuri, rangi zake zinafanana na za wale walioachwa. Sasa ona hizi, zilizoitwa tena na tena. Jeni za kulala zimenyamaza kabisa. Zimesahau kulala, mama. Na kuzaa zimeacha."

Alitazama sana.

"Nani iliziita?"

"Sisi."

"Shenzi nyinyi." Akanyoosha miguu yake ile kama magunia. "Na zikiitwa, zikakataa kuamka? Panya inakuwa namna gani?"

"Inakufa. Maradhi yanaiua."

"Basi. Umejijibu mwenyewe." Akageukia ukutani.

Nikasema ampe mtu mwingine hayo masufuria. Akauliza, nani? Nilivyojua mimi, masufuria hayahamishwi na mtu yeyote ila mwenyewe anayeyatunza. Yeye ndiye anayemkabidhi mwingine. Nilidhani siku ya kukabidhi kutakuwa na sala, soda na hotuba ndefu, kama mambo yetu yalivyo. Kwa hiyo nikatoka kumtafutia huyo mwingine.

Nilianza na mke wa polisi, jirani yetu, mwanamke mwenye nguvu za kubeba ng'ombe. Akanipigia makofi ya mshangao. "Mimi leo iko hapa, kesho bwana anapata transfa, masufuria inabaki na nani? Inakuja na mimi mpaka Moroto?" Mke wa mkulima akasema yeye na ndege wa mpunga wana vita, hana nafasi. Mwenye duka la vitenge alicheka mpaka akajifuta machozi, akanifungia mandazi, akaniambia nimsalimie mama. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, wanasema. Hapa kwetu Mnyamwezi alikuwa mama. Wote walimpenda, na wote walikuwa tayari afe akiwapikia. Nilirudi nyumbani na mandazi yangu nikalia jikoni, kwa uchovu tu.

Asubuhi moja mke wa polisi alikuja, hakubisha kwa nguvu yake ya kawaida. Alisimama mlangoni ananiogopa.

"Mama," akasema akinipita kwa macho, "rafiki yako wa Bwera ametuacha."

Huyo wa Bwera alikuwa zaidi ya dada. Yeye na mama walikaa chumba kimoja kambini, pazia katikati, kila mmoja na mume wake na watoto wake upande wake. Wao wawili ndio walioanzisha chama. Mama alisimama. Akapiga hatua moja, akashika ukuta, akarudi akakaa. Akajaribu tena, akashindwa kunyanyuka.

"Siwezi," akasema. "Siwezi kwenda kumpikia."

Akalia kwa sauti, kama mtoto. Mimi niliyekuwa nikimwomba Mungu kila siku atulie nyumbani, niliogopa kuliko nilivyoogopa kwa daktari. Nikasema, bila kufikiri, "Nitaenda mimi, mama. Usilie. Nitaenda mimi."

Akajipangusa uso, akaniomba nimpe ule mwiko pale kwenye kona. Akaupangusa kwa kitenge chake toka juu mpaka chini, akaushika kwa mikono miwili, akanipa.

"Shika."

Nikashika. Mke wa polisi akainamisha kichwa, akafanya ishara ya msalaba. Nilidhani ni kwa ajili ya marehemu.

Tulipita barabara ya mbugani juu ya pikapu, masufuria yanapiga kelele kila kwenye shimo, mke wa polisi kayakumbatia. Bwera, kule mpakani, ilikuwa imejaa. Ndugu wa marehemu walikuwa wamevuka kutoka Kongo, wakatupokea kwa vilio, na bibi mmoja akauliza, "Mama ya masufuria beko wapi?" Mke wa polisi akanisukuma mgongoni. "Ni huyu." Nikataka kueleza. Nani anasikiliza maelezo msibani?

Niliwasha moto, moshi ukanipofua. Nilisonga bundu, ugali wetu wa muhogo, mpaka mabega yakawa si yangu. Wanawake walinicheka bila huruma. "Daktari ya panya, koroga! Hii haina batani ya kubonyeza!" "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tumempa mwiko siku ya kwanza!" Nikajibu kwamba panya wangu hawali kama wao, wakacheka zaidi, na bibi wa Kongo akanifuta jasho kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Mutoto, polepole. Watu beko mingi, lakini moto ni moja."

Maharage yalipoiva, nikatafuta mahali pa kukaa. Nikaona watu wote wamesimama na sahani, wananitazama. Hakuna aliyepakua.

"Onja chumvi," mke wa polisi akaninong'oneza. "Wanakungoja wewe."

Nikaonja. Ilikuwa kidogo. Nikaongeza, nikaonja tena, nikaitikia kwa kichwa, na watu wakala.

Nilirudi nyumbani hoi, nanuka moshi, nikaanguka kwenye kiti. Mama alikuwa macho.

"Nani aliwasha?"

"Mimi."

"Nani alionja chumvi?"

"Mimi, mama. Walikataa kula mpaka nionje."

"Walikungoja." Akatabasamu, akavuta shuka hadi kidevuni. "Basi, imekwisha."

Hapo ndipo niliposhtuka. "Mama! Ulinipa mwiko niubebe tu!"

"Nilikupa kwa mkono yangu, mbele ya shahidi. Ulikataa?"

"Sikujua!"

"Hata mimi sikujua," akasema. "Nilikuwa na mimba yako. Yule mulimzika jana, alikuja na mwiko, akaniambia, shika kidogo, naenda kumwogesha mutoto." Akafumba macho. "Mpaka leo anamwogesha."

Nilikuwa na maneno mengi makali ya kumwambia. Nilipomaliza kuyapanga alikuwa anakoroma.

Alilala. Siku ile, na siku zilizofuata, alilala kama mtu anayelipiza. Miguu ikaanza kurudi kuwa miguu. Daktari akasikiliza kifua chake, akasikiliza tena, akasema moyo haujapona na hautapona, lakini umeacha kukimbia. Akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia amestaafu.

Mimi nikaendelea na panya wangu. Mkubwa wangu wa kazi Kampala alitaka sentensi ya mwisho ya ripoti, na nilikaa nayo muda mrefu pale kwenye kona, masufuria yananiangalia. Nilijua ninachotakiwa kuandika: seli zinazoamshwa bila kupumzishwa huzeeka kabla ya wakati. Lakini picha za wale walioachwa kwa amani zilinionyesha na jambo jingine, ambalo nilikuwa naliona kila siku bila kuliangalia. Hata kwao, kila mara palikuwa na seli chache zilizo macho. Nyingi zimelala kwa sababu hizo chache haziko kitandani.

Nilikuwa bado natafuta namna ya kuliandika hilo pale mtu alipobisha hodi. Nilifungua. Alikuwa mwanamke nisiyemjua, kitenge kimefungwa kiunoni, macho mekundu ya kulia. Nyuma yake pikapu ilikuwa inanguruma.

"Samahani," akasema. "Mama ya masufuria iko?"

Nilitazama pazia la chumba cha mama. Nilimsikia akivuta pumzi, ndefu, moja, kisha nyingine. Mabega yangu bado yalikuwa na maumivu ya Bwera. Nikafunga kompyuta, nikachukua mwiko kwenye kona.

"Niko," nikamwambia. "Karibu ndani, pole sana. Ila tuongee polepole, kuna mtu amelala."