Cherehani ya Wifi

Wifi yangu ana mdomo. Ukimwomba chumvi atakupa, lakini kwanza utasikia habari za uvivu wako na za mama aliyekulea hivyo. Marehemu mume wangu, kaka yake, alikuwa akisema dada yake alizaliwa huku anagombana na mkunga. Basi mtu huyo ndiye aliyenivusha, na sichoki kumshukuru.

Mume wangu alipofariki nilibaki na watoto na ufundi wa kushona, bila cherehani. Wakati huo ukaja mradi wa kuinua kipato cha wanawake. Ikapigwa kura ya bahati nasibu: mtaa wa juu, anakokaa wifi, wakapewa cherehani, sisi wa mtaa wa chini tukaambiwa tusubiri. Walitaka kwanza kulinganisha mitaa miwili, waone kama nafuu inayopatikana inalingana na gharama zao, ndipo na sisi tupewe. Sharti lilikuwa moja: cherehani isitumiwe na mtu wa nyumba nyingine, la sivyo inachukuliwa.

Jioni ya siku aliyopewa yake, wifi akanipigia simu. "Unangoja nini? Njoo ushone, mimi nimechoka."

Kuchoka wapi! Mchana alishona yeye, jioni mimi, pazia limeshushwa, na kila nilipopindisha mshono nilitamani nisiwe na masikio. Watoto wangu wakarudi shule. Dada wa mradi alipopita kutuuliza maswali, sisi wa chini tulimjibu kwa heshima zote kwamba hatujapewa kitu. Na kweli hatukuwa tumepewa.

Baadaye tukaitwa ukumbini, mitaa yote miwili. Mratibu wa mradi, baba mmoja mpole mwenye miwani, akasema mtaa wa juu wameinuka, lakini wa chini nao wameinuka karibu sawa, bila msaada wowote. Kwa hiyo cherehani hazionekani kuleta tofauti, na ni ghali. Mradi utafungwa, na wa chini hatutapata.

Wifi akasimama. Nikamvuta gauni. "Wifi, watakunyang'anya!" Akaupiga mkono wangu kofi.

"Baba," akamwambia mratibu, "huyu hapa anashonea kwangu tangu mlipoileta. Kuichukua ichukueni, lakini msiseme haina kazi."

Kisha muuza mkaa wa mtaa wa juu akanyoosha mkono: yeye humwazima mdogo wake wa mtaa wa chini. Mwingine akafuata, na mwingine. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unashusha mapazia! Dada wa maswali akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Sasa mbona hamkusema?" mratibu akauliza.

"Mlituuliza?" wifi akamjibu.

Wakapita tena nyumba kwa nyumba, safari hii wakiuliza nani anashonea kwa nani. Siku zote hizo wifi aliamka akiifuta cherehani yake vumbi, hasemi neno, na kunyamaza kwake kuliniumiza kuliko matusi. Hakuna aliyekuja kuichukua. Hesabu mpya zilionyesha kwamba cherehani moja inalisha nyumba mbili, pengine tatu, kwa gharama ileile. Sharti likafutwa, na mtaa wa chini tukapewa zetu.

Yangu ilipofika niliiweka karibu na dirisha, nikashona jioni nzima peke yangu. Hakuna aliyenigombeza. Kesho yake nikaibeba hadi kwa wifi.

"Utanijazia nyumba," alisema, huku ameshaanza kusogeza kitanda.