Bampa la Gari la Kutangulia Jeneza

Nikiona bampa la plastiki ambalo rangi yake imepasuka, najua kabla sijaligusa ni fundi wa aina gani aliyelipitia. Sisemi hivi kujisifu, ingawa nikitaka kujisifu hakuna wa kunizuia. Shule niliachia darasa la sita. Nilianza kwa kuosha magari Homa Bay, nikiwa na ndoo ya kuazima, na leo karakana ile iliyo nyuma ya soko la Migori ni yangu, kuanzia mabati ya juu hadi kompresa inayonguruma chini. Magari ya wakubwa nimeyapaka, ya maaskofu nimeyapaka. Lakini mgongo wangu haujali nimepaka gari la nani. Asubuhi hizi naamka nimechoka kama niliyelala nimebeba gunia.

Ndivyo nilivyokuwa Jumatano moja ya mvua, nimekaa juu ya tairi nikikohoa, mama mmoja aliponiletea gari dogo jeupe. Mumewe alikuwa mochari. Alikuja na shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu wa haraka na simu mbili.

"Fundi," mama akasema, "Ijumaa hili gari ndilo litatangulia jeneza mpaka nyumbani, kule mbele ya Rodi Kopany. Mwenyewe alikuwa akiliosha kila Jumapili akitoka kanisani. Sitaki aende nyumbani nyuma ya gari lenye magamba."

Nikainama nikaangalia bampa la mbele. Magamba kweli. Rangi ilikuwa imepasukapasuka kama matope ya kisima kilichokauka. Nikalibonyeza kwa kidole gumba: plastiki yenyewe ilikuwa nzima, ufa ulikuwa wa rangi tu. Kuna mtu alikuwa amepaka puti ya bati, ule uji mzito wa kuzibia mabonde ya chuma, juu ya plastiki. Plastiki hupinda, puti ile haipindi. Basi lazima ipasuke.

"Omera, ndugu yangu, piga rangi juu tu," shemeji akasema. "Nani ataangalia bampa matangani?"

"Mimi."

"Kwani wewe umealikwa?"

"Rangi yangu imealikwa. Nikipiga juu, huu ufa utarudi kabla mchanga wa kaburi haujakauka, na watu watauliza ni fundi gani. Nitajificha wapi mimi?"

"Tulikuja kutafuta rangi, mzee. Hatukuja ibada."

Mama akamwambia anyamaze, kisha akanitazama mimi. "Litakuwa tayari Ijumaa?"

Nikasema litakuwa tayari. Mdomo wangu huwahi kusema ndiyo kabla mgongo haujaulizwa.

Nikalitoa bampa, nikaliosha kwa sabuni mpaka mafuta yakaisha, nikaanza kukwangua. Ufa wa rangi hauzibwi. Unautafuta unakoishia, unaondoa yote, unashuka mpaka plastiki ijionyeshe. Tina kali, ile ya kuyeyusha rangi, huwezi kuimwagia, plastiki italainika ikuharibikie mkononi. Ni msasa tu, msasa na maji na bega. Kwanza ule mkali, halafu mlaini, halafu mlaini zaidi, mpaka ukipitisha kidole hapo rangi ya zamani inapokutana na plastiki usisikie ngazi. Watu huniuliza nilijifunza wapi. Nilijifunza kwa hiki kidole. Siku hiyo kilikuwa kimekufa ganzi, nikatumia cha mkono wa kushoto.

Mvua haikunihurumia. Nikapaka praima ya plastiki, ile ya chini ya kushikilia rangi, nikangoja, nikapaka tena nikangoja. Kwenye rangi nikatia ile dawa ya kuifanya iweze kupinda. Alhamisi jioni bampa liling'aa kama yai. Nililisimamia muda mrefu, na sina aibu kusema kwamba hakuna mtu kati ya mpaka wa Tanzania na ziwa angelifanya hivyo.

Mama alipokuja Ijumaa alilitazama, akafuta macho kwa leso. Nikamwambia, "Kwa juu limekauka, kwa ndani bado. Lisiguswe na kitu mpaka Jumapili."

"Basi twende wote mochari, Fundi. Uwaambie wewe mwenyewe."

Nikaenda. Na pale mochari ndipo nikakumbuka jambo ambalo mtoto wa Kijaluo hapaswi kulisahau. Vijana walikuja wamekumbatia matawi mabichi na waya. Gari la mbele hufungwa majani, ili kila aliye barabarani ajue ni nani anapita. Mabampa mengi yanayoletwa kwangu yameharibiwa na waya hizo hizo za matanga. Bado sikuwaza. Niliwaza kung'aa tu.

Nikasimama mbele ya gari, mikono nimeitandaza.

"Mzee, songa."

"Rangi haijakauka."

"Marehemu naye amengojea ikauke?" Mwingine akacheka. "Kwani hili ni la harusi?"

"Fungeni kwenye vioo vya pembeni."

Mzee mmoja wa ukoo, mwenye fimbo, akasema polepole, "Gari la mbele lisilo na majani mbele ni gari la kwenda sokoni." Wengine wakaitikia. Shemeji alikuwa anatazama simu zake.

Mlango wa gari ukafunguka. Mama akashuka, akachukua tawi mkononi mwa kijana mmoja, akaja mpaka mbele yangu.

"Fundi, ni kazi safi. Mume wangu angeipenda sana." Akaligeuza lile tawi mkononi. "Lakini anaenda nyumbani. Waache wamfungie."

Nilitamani kubishana. Mimi hubishana hata na mvua. Nikamtazama, nikaona amechoka kunishinda.

"Leteni hizo waya," nikasema. "Nyinyi mtalikwaruza lote."

Nikapiga magoti nikafunga mwenyewe, tawi baada ya tawi, nikikaza waya mpaka rangi ikajikunja chini yake kama utandu wa maziwa. Nilikaza vizuri. Halitadondoka hata moja kabla ya Rodi.

Honi zikaanza, magari yakatoka, jeneza likafuata. Mimi nikabaki pale pale chini kwa muda, kwa sababu mgongo ulikataa kunyooka, na watu wa mochari wakanipita kimyakimya, wakidhani nasali.