Tulipofungiwa Geti Matangani

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, tulipofungiwa geti na watu tuliokuwa tumekwenda kuwafariji. Geti lenyewe lilikuwa la mabati, mashariki ya Thika, kule mashamba yanapoanza kukauka na udongo kugeuka mawe. Nilikuwa kijana wakati huo. Barabara kuu ya Thika ilikuwa bado mpya, na mimi nami nilijiona mpya vivyo hivyo.

Lakini kabla sijafika getini, wacha nijitambulishe, ingawa sidhani kuna haja. Toka Kamakis uende mpaka Githurai 45, uliza ni nani anaitwa Baba Hema. Utaonyeshwa. Shule niliiacha darasa la sita. Nilianza maisha nikichimba vyoo vya watu, nikanunua hema moja kuukuu lenye viraka, na leo hakuna harusi wala matanga hapa Ruiru ambapo watu wameketi bila mimi kujua viti ni vya nani. Wako niliosoma nao ambao wana digrii ukutani, na wakioza binti zao wananipigia simu wakiniita mheshimiwa. Sijivuni. Nakuambia mambo yalivyo.

Hata kanisa letu lilianzia chini ya hema langu. Weka hilo akilini, maana siku hizi kuna vijana wanadhani tulizaliwa na jengo. Tulikuwa kwenye kiwanja cha kukodi pale Kamakis, na moshi wa nyama choma ulikuwa unatujia katikati ya maombi. Mchungaji wetu alikuwa mwanamke, Mchungaji Wairimu, mfupi, mwenye sauti ya kujaza soko. Yeye hakumfukuza mtu. Msichana aliyezaa nyumbani kwa wazazi bila mume, mtoto wake aliombewa mbele ya watu wote kama mtoto wa mwenye pete. Walioishi pamoja bila harusi waliketi viti vya mbele. Waliokuwa wakimeza dawa za virusi walikunywa kikombe kimoja na sisi. Watu wa Ruiru walituita kanisa la waliokataliwa, wakadhani wametutukana. Mchungaji alilipenda hilo jina.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya misheni. Nani mwingine angekuwa? Lori lilikuwa langu, spika zangu, jenereta yangu. Kila tulipokwenda kuwafikia watu, niliwavalisha vijana tisheti za kijani kibichi. Mbele jina la kanisa, nyuma maandishi makubwa: Kwa Hisani ya Baba Hema, Hema na Viti. Tulikuwa na bango refu la kufungwa kwenye lori, na mpiga picha. Tukiingia mtaa, mtaa unajua kuna watu wameingia. Kule Makongeni tuligawa unga na blanketi, na watoto walitukimbilia wakidhani ni kampeni.

Basi kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipika chapati na maharagwe pale Kamakis. Tulimwita Mama Shiko. Mume wake, Karanja, alikuwa fundi wa pikipiki, mtu wa maneno machache, akikutengenezea breki hata hakuangalii usoni. Wiki hiyo Karanja alikuwa amejitoa uhai. Sitaeleza zaidi ya hapo, na wewe usiulize. Aliyeachwa ndiye mwenye hiyo habari.

Mama Shiko alikuja kwetu siku ya maombi, akaketi nyuma, akangoja watu watoke. Kanisa walilokuwa wakienda lilikuwa limemwambia kwamba mtu aliyekufa vile hazikwi na mchungaji. Ndugu zake Karanja nao walikuwa wameamua azikwe asubuhi na mapema, pembeni mwa shamba, bila hotuba, bila wimbo, yaishe.

"Sitaki mengi," akamwambia Mchungaji. "Nataka tu aimbiwe. Shiko na ndugu yake wasije wakakumbuka baba yao alifukiwa kimya kama mbwa."

Mchungaji akamshika mikono. "Ataimbiwa," akasema.

Nilisikia hayo maneno kwa masikio yangu. Na nilichofanya, mwanangu, ni kwenda nyumbani kupanga misheni kubwa kuliko zote. Nilifikiri: hawa watu wametupwa na kanisa lao, leo wataona kanisa ni nini. Nikapakia hema kubwa, lile la njano na nyeupe. Nikapakia viti, spika, jenereta. Nikawavalisha vijana tisheti. Bango nikalifunga ubavuni mwa lori, na nikampigia mpiga picha simu nikamwambia aje na betri ya ziada.

Tulipofika, geti lilikuwa wazi. Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya viti viwili chini ya paa la boma la ng'ombe, watu wachache wamesimama mbali nalo. Pembeni kabisa, kwenye ua wa minyaa, mwanamume mmoja alikuwa anachimba peke yake. Huyo alikuwa Njuguna, kaka mkubwa wa Karanja, ambaye Mama Shiko alikuwa ametutajia. Vijana wa kijiji walikuwa wamekataa kuchimba kaburi la mtu aliyejiua, wakisema linaleta mkosi.

Akasikia lori. Akaacha sururu, akaja akitembea polepole, gambuti zimejaa udongo. Akasoma bango kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nikaruka chini, nikageuka kumwelekeza dereva, na Njuguna akapata nafasi ya kusoma mgongo wangu pia.

"Mmekuja kuzika," akaniuliza, "ama mmekuja kutangaza viti?"

"Mzee, pole sana," nikamwambia. "Hema hili ni la bure. Na viti. Hata spika nimeleta, kubwa, watu wasikie mpaka huko barabarani."

"Wasikie nini?"

Nikageuka kumwangalia mpiga picha, ambaye alikuwa ameshaanza kazi.

"Nani alikuomba hema?" akasema. Sauti yake haikupanda. "Sisi tunaaibika hapa, wewe unaleta bango. Na huyo wa kamera anapiga nini? Jeneza?" Kisha akavuta geti, akazungusha mnyororo, akarudi kwa shimo lake.

Kupitia upenyo wa mabati nilimwona Mama Shiko amesimama kwa mlango wa jikoni. Alituangalia, akaangalia mnyororo, akajifunika uso kwa leso.

Nilikasirika, nisikudanganye. Nikaanza kuwaambia vijana kwamba watu wengine hawajui kupokea wema, na kwamba turudi Ruiru, kuna harusi mbili zinangoja hili hema. Hapo ndipo mzee wetu wa kanisa, Mzee Gathogo, akashuka kutoka mbele ya lori. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mananasi ya Thika na vidole vyake havikunyooka tena. Mtu wa mizaha. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Wewe kijana wa hema," akasema, "hapa umekuja kwa nani?"

"Kwa kazi ya Mungu, guka," nikamjibu; guka kwetu ni babu.

"Mungu hajafiwa hapa. Aliyefiwa ni yule mama, na aliomba wimbo mmoja. Wewe umemnyima huo wimbo hata kabla hujafungua mdomo kuimba."

Nikaangalia mnyororo getini.

"Geuza hiyo tisheti," akasema.

"Niigeuze?"

"Ndani ikuwe nje. Wote. Na hilo bango likunjwe. Asiyetaka kugeuza akae hapa alinde lori, lori pia ni kiumbe cha Mungu."

Mmoja akacheka kidogo, akaacha. Tukavua tisheti kando ya barabara, ng'ombe wakituangalia, tukazigeuza. Mishono ilikuwa nje, na nyuzi zinaning'inia. Mimi yangu niliigeuza mwisho, na nilikunja uso sana. Mchungaji Wairimu, ambaye muda huo wote alikuwa amekaa mbele ya lori, alivua kola yake nyeupe, akaitia mkobani, akajifunga leso kiunoni kama mama mwingine yeyote aliyekuja kusaidia kumenya viazi. Nadhani alikuwa amemwacha mzee aseme kwa sababu alijua mimi nisingemsikiliza mwanamke nikiwa na hasira vile. Alinijua.

Mzee Gathogo akaenda getini, akavua koti.

"Njuguna," akaita. "Sikuja kuhubiri. Nakuona unachimba peke yako, na hapo pana mwamba. Nipe sururu."

Njuguna akainua kichwa. "Guka, wewe utaweza?"

"Siwezi hata kidogo. Lakini hawa wanaweza, na mimi nitawatukana wakichoka."

Akaja mpaka getini, akachungulia upenyoni. Njuguna akatuangalia mmoja mmoja, tumesimama na mishono nje kama watu waliovaa gizani.

"Spika ibaki nje," akasema mwishowe.

"Ibaki."

"Na huyo wa kamera."

"Huyo tumeshampa kazi ya kulinda lori."

Akafungua mnyororo. Mchungaji akaelekea jikoni moja kwa moja, akamkumbatia Mama Shiko bila neno, akaketi, akachukua kisu. Sisi tukaenda kwenye shimo.

Na hapo, mwanangu, niruhusu nijisifu tena, kwa sababu hapo nilistahili. Nilikuambia nilianza maisha nikichimba vyoo. Hakuna aliyezaliwa Ruiru anayenishinda kuvunja mwamba. Unatafuta ufa, unaugonga kutoka pembeni, hushindani na jiwe. Niliingia shimoni na Njuguna, vijana wakitoa mawe juu, na Mzee Gathogo amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitutukana kama alivyoahidi. Alisema wanawe wangekuwa wamemaliza. Wanawe wote ni walimu.

Tulipokuwa chini kabisa, wale wengine wameenda kunywa maji, Njuguna akaegemea ukuta wa shimo.

"Alinipigia simu siku hiyo," akasema. "Sikushika. Nilidhani ni maneno ya mpaka wa shamba tena."

Nikaendelea kushika mpini.

"Ndiyo maana sitaki waimbe," akasema. "Wakiimba, nitaanguka hapa mbele ya watu."

Kumbe mambo yote yalikuwa hayo. Sisi tulidhani ni ukali wa dini, au aibu ya ukoo, na nilikuwa tayari kumhubiria kwa jenereta. Nikamwambia kitu pekee kilichonijia: "Ukianguka, mimi niko hapa. Nina nguvu, umeona mwenyewe."

Akashika tena sururu. Tukamaliza.

Jeneza likateremshwa kwa kamba zangu za hema. Kamba hizo hakuna aliyezikataa. Mchungaji akaomba dua fupi, bila kuinua sauti, akamtaja Karanja kwa jina lake, fundi, baba ya Shiko, mtoto wa boma hili. Kisha akamwangalia Njuguna. Watu wote wakamwangalia. Yeye alikuwa ameangalia chini, na nilidhani ataokota beleshi na kuanza kufukia.

Akainua macho, akamtafuta shemeji yake. "Mama Shiko," akasema. "Anza wewe."

Mama Shiko alianza wimbo wa Kikuyu ambao hata wewe unaujua, ule wa matanga ya kila mtu. Alipoteza sauti mstari wa kwanza. Mama mmoja wa kijijini, aliyekuwa amesimama mbali tangu asubuhi, akaushika. Halafu wengine wakasogea. Shiko alikuwa ameshika sketi ya mama yake, akiimba maneno aliyoyajua na kuyaruka asiyoyajua. Na Njuguna akaanguka kama alivyosema, magoti kwenye udongo, na nikamshika chini ya makwapa, nikamshikilia mpaka ubeti wa mwisho, naye akilia kama mtu aliyekuwa akingoja ruhusa.

Picha hakuna. Jumapili iliyofuata watu wa kanisa waliuliza ziko wapi, nikasema kamera iliharibika. Mpaka leo roho huniuma kidogo, maana siku niliyofanya kazi nzuri kuliko zote hakuna ushahidi. Lakini Njuguna ana ushahidi.

Sasa sikia ninachotaka ubaki nacho. Nasikia vijana mnapanga kwenda kuwafikia watu, na nimefurahi, tena lori nitawapa. Lakini kabla ya kuondoka, ulizeni yule mnayemwendea ameomba nini. Si mnachotaka kumpa, mwanangu; alichoomba. Kama aliomba wimbo, mpelekee wimbo. Kama hakuomba kitu, kaa naye uone kazi gani anaifanya peke yake, ushike upande mmoja. Usifikiri anayekufungia geti ni adui wa Mungu. Mara nyingi anaogopa kulia mbele yako. Na jina lako liache lipumzike siku hiyo. Halipotei. La kwangu limepotea? Na kanisa lisiloweza kumzika aliyekataliwa bila kumwaibisha tena, hilo halijafika kwake, hata kama limefika na lori.

Mungu akupe mikono isiyoona kinyaa udongo wa mtu mwingine. Akupe mzee wa kukugombeza mapema, kabla geti halijafungwa, na masikio ya kumsikia. Nyumba utakayoingia kwa huzuni, utoke ukiwa umeiacha ikiimba. Na siku yako wewe ikifika, mwanangu, wasikose watu wa kukuanzishia wimbo. Nenda na amani.