Bwana Sindano Juu ya Paa la Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa na wakwe wawili. Wa kwanza dereva wa lori, kifua kama mlango, ndiye aliyesifiwa. Wa pili fundi cherehani, mtu wa aibu na maneno machache. Huyo mama alimwita Bwana Sindano, tena mbele za watu.

Vigae vya paa lake vilipoota ukoga wa kijani, mnene kama zulia, maji yakaanza kuvuja chumbani. Dereva alikuwa safarini. Bwana Sindano akajikuta amesema, "Nitaukwangua mimi, mama." Akatamani kuyameza maneno yake, lakini yalishatoka.

Siku ya kwanza hakupanda. "Paa bado bichi, mama. Tusubiri likauke."

Siku ya pili alishinda kwenye cherehani, anashona mkanda wa kiunoni na mapajani kwa turubai, mishono mitatu mitatu.

"Mwenzio angeshamaliza, akala, akalala," mama alisema. "Na hiyo ni nini, mkanda au nepi?"

Siku ya tatu jua likawaka. Fundi akafunga ngazi isicheze, akapitisha kamba juu ya paa, akaikaza kwenye nguzo ya zege upande wa pili, akaivuta mara saba. Akakwangua kwa mwiko wa mbao, kutoka juu kwenda chini, vigae visivunjike. Alipofika nusu akashuka kunywa maji.

Mama akamwonea huruma, mara ya kwanza tangu harusi. Akachukua mpira wa maji, akaumwagia ukoga uliobaki ili ulainike. Kisha akaingia jikoni bila kusema kitu.

Fundi akapanda, akafunga kamba kwenye mkanda wake, akaweka mguu mmoja. Wa pili haukupata zamu. Aliteleza kama kipande cha sabuni, akapita ukingo wa paa, kamba ikamdaka. Akabaki ananing'inia dirishani, uso kwa uso na mama mkwe aliyekuwa anaosha sufuria.

Adabu ni adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sufuria ilikuwa bado mkononi. "Yale maji... ni mimi."

"Najua, mama. Naomba ngazi."

Alipofika chini, mama aliugeuza mkanda, akavuta mshono mmoja mmoja. Hakuna uzi ulioachia.

"Mwanangu," akasema. Fundi akatazama nyuma aone anaitwa nani. "Mshonee na dereva. Yule angepanda bila mkanda, na sitaki binti yangu awe mjane kwa sababu ya ukoga."

Nusu iliyobaki ilisubiri jua siku mbili. Safari hii mama hakuhesabu siku. Mpira wa maji aliufungia kabatini, ufunguo akauning'iniza shingoni mwake.