Jinsi Nilivyopata Kuwa Mfalme

Kosa langu la kipumbavu ni hili: nilidhani mtu akijua maneno yote ya mfalme, basi kiti cha mfalme ni chake. Nina diploma ya sekondari, inaning'inia ukutani juu ya redio, na muda ninao, maana mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Kambove, mji wa jirani, na nilirudi kabla bukari, ugali wetu, haijapoa.

Mwaka ule kikundi cha maigizo cha parokia kilichukua mchezo mmoja wa zamani, wa huzuni. Jemadari anamuua mfalme aliyemwamini, mke wake akimsukuma kwa maneno. Anakalia kiti, na kiti kinamtoa roho. Mimi nilipewa kazi ya kukaa nyuma ya pazia na daftari, kuwanong'onezea waliosahau. Kazi ya mtu wa nyumbani kabisa: umeketi, umefichwa, na anayekosea ni mwingine.

Jemadari alikuwa rafiki yangu wa nyumba ya tatu, mfanyakazi wa kiwandani Shituru. Akifungua mdomo, mabati ya ukumbi yanaitika. Lakini hakujua kusoma, na tuliojua hilo tulikuwa watatu: mke wake, mimi, na kwa sababu ya mdomo wangu, mke wangu. Akitoka kazini alikaa kwenye kizingiti changu, kofia ya kazi magotini. Mimi nasoma mstari, yeye anaurudia huku vidole vikipiga kofia. Mara mbili, umeingia. Mimi ule ule ulinichukua wiki.

Siku moja mke wangu, akisonga bukari, alisema bila hata kugeuka:

"Weye uko na diplome. Ule iko na nini? Koo tu. Na ni weye unamulisha maneno kama mutoto muchanga."

Siku hiyo nilicheka. Kesho yake sikucheka.

Desturi yetu, Jumapili ya kabla ya mchezo, mwigizaji mmoja husimama mwisho wa misa akawasomea waamini tangazo. Kwa kawaida ni yeyote mwenye suti. Nilikwenda kwa mwalimu mstaafu aliyetuongoza, nikamwambia kwa heshima zote kwamba safari hii ingependeza jemadari asome mwenyewe. Akaniona mtu wa mawazo, akanipa na tangazo nimfikishie.

Jumamosi rafiki yangu alikuja, ndevu ameshanyoa. Alizoea kuniita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa kuwa nimemzidi miaka miwili.

"Yaya, tangazo iko wapi? Unisomee mara mbili, itaingia."

Nikamjibu kwamba mwalimu bado hajaliandika, atampa palepale kanisani. Lilikuwa mfukoni mwangu, limekunjwa mara nne. Akanishukuru, akaenda zake. Asubuhi nililirudisha kwa mwalimu, nikadai sikumkuta mwenyewe nyumbani.

Aliposimama mbele na ile karatasi, aliitazama sana. Watu wakadhani ametafuta miwani akaikosa. Kisha akanitafuta mimi, benchi la nne, aone midomo yangu. Nikafungua kitabu cha nyimbo. Basi akatoa maneno aliyokuwa nayo, yale ya jemadari, kwa sauti ile kubwa, mbele ya altare: kwamba mfalme hataiona kesho, na yeye atakalia kiti kingali cha moto. Kicheko kilianzia kwa vijana wa kwaya, kikashuka benchi kwa benchi. Padri akamtoa karatasi mkononi polepole, akaisoma mwenyewe. Ilikuwa na sentensi tatu. Binti wa rafiki yangu, wa darasa la sita, aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea baba ripoti za shule, na baba akizishika, anatikisa kichwa, anasema ni vizuri.

Mlangoni mwalimu alijitetea kwa sauti kwamba tangazo alinipa mimi tangu Alhamisi. Mke wa rafiki yangu alisikia. Pembeni yake alisikia pia jirani yangu, mama mmoja mzee mwenye asili ya Kasai, muuza makala, mkaa wa kupikia.

Rafiki yangu hakuja tena mazoezini, wala kizingitini. Sasa anasali parokia nyingine, na kwenda kazini anapita njia ya nyuma. Mwalimu alibaki na siku saba, na mtu mmoja tu aliyejua maneno yote. Alinipa upanga wa mbao bila kunitazama. Nikajifanya nimeshtuka.

Nilicheza Jumapili alasiri, ukumbi umejaa. Sikusahau hata neno. Sauti yangu, wanasema, ilifika safu ya tatu. Mwishoni, jemadari alipochomwa nikaanguka, makofi yalilipuka, watu wakapanda juu ya mabenchi. Nimelala pale, macho nimefumba, nikasikia raha ambayo sijaisikia tangu siku ya diploma. Nilifufuka mara mbili kwenda kuinama.

Nilifika nyumbani ndevu za masizi zingali usoni. Mama muuza makala alikuwa uani kwake, akipanga vifurushi. Nikamuuliza, kwa unyenyekevu wa kuigiza, kama mchezo umempendeza. Hakuinua kichwa.

"Papa, miye nilipiga makofi pale tu walikuua."